Posho ya Mkubwa, Saa ya Mtoto

Hapa Nakivale ukitaja posho, hata mtoto anayeanza kusema atakuonyesha sufuria. Waganda wamelifanya neno hilo kuwa jina la chakula chenyewe, yaani unga wa mahindi uliosongwa, kile sisi wa Kivu tunakiita bugali na Watanzania wanakiita ugali. Lakini neno hili limetembea sana, labda kuliko sisi wakimbizi. Katika karne ya 19, posho ilikuwa kipimo cha mpagazi kwenye misafara ya kutoka pwani kwenda bara: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kukinunulia njiani. Baadaye likafika migodi ya Katanga, ambako mfanyakazi alipanga foleni na kapu lake kuchukua unga, maharage na chumvi ya kampuni. Leo wakimbizi wa nchi nyingi za huku wanaliita hivyo hivyo lile fungu la chakula wanaloliendea na karatasi ya familia mkononi.

Naanza na neno hilo kwa sababu moja. Katika safari yake yote, aliyepimiwa posho alikuwa mtu mzima, mwenye mzigo begani au sururu mkononi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hakuwemo kwenye hesabu. Na yeye ndiye mwenye tumbo lisilojua kungoja.

Mimi ni mjumbe wa afya wa kijiji, hapa tunaitwa VHT. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba na ule mkanda wa rangi tatu, kupima mikono ya watoto walio chini ya miaka mitano. Katika kila nyumba narudia fundisho lile lile: mtoto aliyepita mwaka apewe chakula mara tatu au nne kwa siku, tena kitu kidogo cha katikati mara moja au mbili. Na katika kila nyumba jibu ni lile lile. Mama mmoja alinijibu akicheka: “Mama VHT, hiyo mara tano ni ya bantu beko na frigo.” Nikaona ni swali la haki. Amri hii ya mara tano ilitoka wapi? Nani aliihesabu? Ndipo nikaanza kusoma, na kuwauliza wakubwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nyumbani. Mimi ni wa upande wa Katana, karibu na Ziwa Kivu. Nyanya yangu hakuwahi kuwa na saa ya mkononi wala ya ukutani. Alikuwa akisema, “Mutoto ni kama kuku, anadonoa siku nzima.” Asubuhi mtoto alipewa kiporo cha jana kilichopashwa moto. Mama akienda shamba, mtoto alibaki na dada yake na kiazi kitamu kilichochomwa majivuni. Jua likiwa kichwani, ndizi mbivu. Wenye ng’ombe walikuwa na maziwa. Jioni alikula na wakubwa, na usiku alinyonya. Ukihesabu, unakuta mara tano au sita, na hakuna aliyeziandika. Kunyonya kuliendelea miaka miwili na zaidi, na hilo lenyewe lilichelewesha mimba inayofuata.

Lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Kwetu huko huko kulikuwa na bwaki. Ndilo jina la ugonjwa wa mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi, ngozi ikachubuka, na mwenyewe akakaa pembeni bila hamu ya kucheza wala kula. Bwaki ilikuwa na sababu zake. Tangu mwaka 1928, Comité National du Kivu ilisimamia ugawaji wa ardhi kwa walowezi, na milima mizuri ikaingia kwenye kahawa, chai na kwinini. Aliyebaki na kipande kidogo alipanda muhogo, kwa sababu muhogo huota hata kwenye udongo uliochoka na unajaza tumbo. Unajaza, ndiyo, ila hauna cha kujengea mwili wa mtoto. Na mama aliyekwenda kuchuma chai ya mwingine hakuwa pale jua likiwa kichwani.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na homa ya saa. Mwaka 1894, katika mji wa Fécamp, Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua mahali pa kugawa maziwa safi na kupima watoto, akapaita Goutte de Lait, maana yake tone la maziwa. Kule New Zealand, chama alichokianzisha Truby King mwaka 1907 kilifundisha mama amnyonyeshe mtoto kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani, hata akilia katikati. Kwa Wazungu wa wakati ule saa ilikuwa ndiyo malezi mema.

Mawazo hayo yalipanda meli mpaka Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1912 iliundwa jumuiya ya kulinda watoto weusi, na vituo vya tone la maziwa vikafuata. Watoto walipimwa, mama wakafundishwa. Sikatai kwamba kuna waliookolewa pale. Lakini nyuma ya mizani kulikuwa na hesabu nyingine. Wakubwa wa koloni waliogopa kwamba watu wanapungua, na kwamba kampuni zitakosa vibarua. Wakatazama ile miaka miwili mitatu ya kunyonyesha wakaona ni uvivu wa kuzaa. Mama akiachisha mapema, atabeba mimba nyingine mapema. Katanga hesabu hiyo ilionekana wazi kabisa. Katikati ya miaka ya 1920, Union Minière iliacha mtindo wa kuleta vibarua wa miezi michache, ikataka wanaume wakae miaka mingi pamoja na wake zao. Ikaanza kupima watoto wachanga na kuwalisha wale walioachishwa ziwa chini ya macho ya wasimamizi wake. Kwa mara ya kwanza mtoto mdogo wa kwetu akaingia kwenye posho, lakini kama mfanyakazi wa kesho.

Sasa nenda Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alikuwepo daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika. Aliona watoto wa mwaka mmoja mpaka minne wakivimba na kufa, wote waliotoka kwenye ziwa na kuingia moja kwa moja kwenye uji wa mahindi. Aliandika habari zao mwaka 1933. Halafu akafanya kitu ambacho wenzake wengi hawakufanya: akawauliza akina mama wanauitaje ugonjwa huu. Wakamwambia, kwa lugha ya Kiga, kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Mwaka 1935 akalitumia jina hilo katika jarida la Lancet, na dunia nzima ikalipokea.

Angalia jina hilo vizuri. Wale mama hawakusema ni ugonjwa wa mahindi. Walisema ni ugonjwa wa kuondolewa. Mtoto alikuwa na mahali pake mgongoni, na saa zake zote zilikuwa kifuani kwa mama. Mdogo alipozaliwa, akapoteza ziwa na mgongo siku moja, na hakuna aliyempangia saa nyingine badala ya zile.

Wataalamu walichukua jina wakaiacha maana. Baada ya vita vya pili, kila mtu alizungumza protini. Ripoti ya Brock na Autret ya mwaka 1952 ilionyesha kwamba kwashiorkor ilienea sehemu kubwa ya Afrika. Hapa Uganda, katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Kwetu Kivu, taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilijenga pale Lwiro, kwenye milima ya bwaki yenyewe, na watoto wetu wakalazwa na kuchunguzwa. Dawa ilikuwa maziwa ya unga. Hospitalini yalifanya kazi. Lakini mtoto alirudi nyumbani kule kule kwenye muhogo na saa zisizo na mtu, na baada ya miezi unamwona tena kwenye foleni. Mwaka 1974 Donald McLaren, daktari aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliandika kwa ukali katika Lancet kwamba mbio za protini zimekuwa fedheha kubwa. Mtoto anayekosa chakula cha kutosha kwa jumla, hata ukimpa protini, mwili wake utaichoma kama kuni.

Kabla ya maneno hayo ya McLaren, Mulago walikuwa wamekwisha kujifunza kitu. Mama waliona mtoto amepona kwa maziwa, wakadhani maziwa ya chupa ndiyo dawa. Wakayanunua kidogo, wakayachanganya na maji mengi yasiyo salama. Basi katikati ya miaka ya 1960 ikafunguliwa kliniki ya Mwanamugimu, jina lililotoka kwenye methali ya Kiganda. Pale mama hakuletewa dawa. Alipika yeye mwenyewe, akamlisha mtoto wake, akamwona anapona kwa chakula cha bustanini. Walifundisha kitobero: matoke au kiazi, pamoja na maharage au karanga zilizopondwa, au samaki, na majani ya kijani, vyote vikipikwa pamoja kwa mvuke. Hadi leo ukisema kitobero katika kijiji chochote cha Uganda hawatakuuliza ni nini. Sisi wa Kivu tunaweza kukitengeneza kwa lenga-lenga, maharage na ndagala, na hakuna mtoto atakayelalamika.

Lakini somo la saa, kwa maoni yangu, lilitoka Iringa, Tanzania. Kuanzia mwaka 1983, mpango wa serikali uliosaidiwa na UNICEF na WHO ulianza katika vijiji 168. Kijiji kilipima watoto wake chenyewe, kikakaa kitako kuuliza: mtoto huyu amepungua kwa nini? Mara nyingi jibu halikuwa kwamba nyumba haina nafaka. Nafaka ilikuwepo, lakini mtoto alikula mara mbili tu kwa siku, kwa sababu mama alikuwa shambani, mtoni, msituni. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana, wakati mama wako kazini. Mambo ya Iringa yaliingia katika mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na humo matunzo ya mtoto yaliwekwa sawa na chakula na matibabu. Kwa maneno mengine, muda wa mama ni chakula.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mama aliyenicheka alidai hesabu. Tumbo la mtoto mdogo linabeba karibu gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9 basi anabeba gramu 270, kikombe kimoja na kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya bado anahitaji kilokalori kama 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Chukua uji wetu wa kawaida: gramu 100 za unga wa mahindi kwenye lita moja. Lita nzima ina kilokalori karibu 360. Ili afike 550 anywe lita moja na nusu. Gawanya kwa lile tumbo la kikombe kimoja: karibu mara sita. Ndiyo hiyo! Mwongozo uliotolewa mwaka 2003, wenye ile mara tatu au nne na vya katikati, ulihesabiwa hivyo, kwa ukubwa wa tumbo na uzito wa chakula. Nyanya yangu alikuwa ameshaufikia kwa kumtazama kuku.

Hesabu hiyo hiyo inatoa na njia. Kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa, gramu 15 hivi, kina kilokalori karibu 90. Bakuli la uji mwepesi la mililita 250 lina 90. Changanya, umepata bakuli mbili ndani ya moja. Watanzania katika miaka ya 1980 walifundisha kutumia kimea: unachukua ulezi uliochipua, ukaukausha na kuusaga, ukaweka kijiko kidogo kwenye uji mzito kama bugali, na uji unalegea wenyewe mbele ya macho yako. Mtoto anakunywa kwa urahisi, kumbe ndani kuna unga mwingi. Wapika pombe ya mtama wanakijua kimea tangu zamani, ila wengi hawakuwahi kufikiri kwamba ni chakula cha mtoto.

Halafu kuna ile pakiti ambayo kila mama hapa anaijua. Mwaka 1996 daktari Mfaransa André Briend, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, alitengeneza Plumpy’Nut: karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakakubali kwa pamoja kwamba mtoto aliyekonda sana, kama hana ugonjwa mwingine mkali na hamu ya kula anayo, atibiwe nyumbani. Watu husifu vitamini zake. Mimi nasifu kitu kingine. Haihitaji moto. Haihitaji maji, na kwa kuwa haina maji ndani haiozi upesi. Mtoto anailamba saa yoyote, na hata dada yake wa miaka minane anaweza kumpa. Walichotia ndani ya pakiti, ukitazama sana, ni muda na kuni. Ndicho kilichokosekana tangu zamani za ile chai.

Ila pakiti hupewa mtoto ambaye mkono wake umekwisha kushuka chini ya milimita 115, kwenye rangi nyekundu. Aliye kwenye kijani hapewi, na ni sawa, hiyo ni dawa. Huyo wa kijani anabaki na mimi na mama yake na sufuria.

Na sufuria hapa iko hivi. Mwezi wa Julai 2023 posho ya wakimbizi Uganda iligawanywa kwa ngazi tatu: wa ngazi ya kwanza wapate asilimia 60 ya fungu kamili, wa pili 30, wa tatu wasipate kitu. Toka hapo mambo hayakuwa mepesi. Mama anaamka gizani kwenda leja-leja, kulimia mtu kwa shilingi chache au kwa maharage. Kuni ziko mbali. Moto unawashwa mara moja, kwa bahati mara mbili. Ukimwambia huyu mama “mara tano” ukaondoka, umemwachia lawama mlangoni. Wabelgiji walifanya hivyo, na Truby King alifanya hivyo: waliweka saa ukutani, na kazi yote ikabaki mgongoni kwa mama.

Kwa hiyo siku hizi sisemi mara tano kwanza. Nauliza: moto wako unawaka saa ngapi? Nani anabaki na mtoto? Halafu tunapanga kutoka hapo, na wamama wenyewe ndio walionifundisha. Moto wa alfajiri hupika uji mzito wa siku. Nusu mtoto anakunywa pale pale, kwenye bakuli lake mwenyewe, maana kwenye sahani ya wengi mkono wake mdogo unashindwa. Nusu inaingia kwenye termosi ikiwa bado inachemka, inywewe saa nne. Avokado au ndizi mbivu haidai kuni, hiyo ni ya mchana. Kiazi kinafukiwa majivuni asubuhi, jioni kimeiva. Usiku bugali na sombe, cha mtoto kikitengwa kabla ya pilipili, na juu yake karanga. Halafu ziwa. Hesabu mwenyewe: tano, na moto mara mbili.

Asiye na termosi? Wamama wanne wa mtaa mmoja wamepanga zamu. Watatu wanakwenda leja-leja, mmoja anabaki na watoto wote na sufuria moja, na wale watatu wanamgawia kidogo cha walichopata. Hakuna aliyewasimulia habari za Iringa. Siku hiyo ya zamu, wale wasichana wa miaka minane na tisa wanakwenda shule badala ya kubeba wadogo zao mgongoni. Naliandika hili kwa sababu tunasahau kwamba saa ya mtoto mdogo mara nyingi inalipwa na dada yake.

Jambo moja nawaomba wanaohesabu posho, wao na sisi tunaokaa kwenye mikutano yao. Fungu la familia linapimwa kwa kilo na kwa mwezi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaishi kwa kikombe, na kwa saa tatu tatu. Mkipunguza kilo, mama atatafuta kazi zaidi, na ile saa ya jua kichwani itakosa mtu tena. Aliyeondolewa mahali pake, akina mama wa Kiga walishampa jina. Mahali pa kulishia watoto mchana, hata chini ya mti, na sufuria na kuni za pamoja, panagharimu kidogo kuliko pakiti nyekundu. Zamu ya wale wamama wanne inaanza saa kumi na mbili asubuhi, upande wa juu wa bomba la maji, na anayetaka kuiga aje aone.